Waya ubongoni: tupime uchu kabla ya kupima kilo

Mwaka 2008, madaktari wa Toronto Western Hospital nchini Kanada walichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 50 aliyekuwa na uzito wa kilo 190. Alikuwa ameishi na unene karibu maisha yake yote. Hakutaka upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, na njia nyingine alizojaribu ziligonga mwamba. Andres Lozano na wenzake walimtoboa fuvu akiwa macho, wakapitisha waya mwembamba hadi haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo kitako cha ubongo inayosimamia njaa, kiu, joto la mwili na usingizi. Walikuwa wakiitafuta njaa ili waitulize. Walipowasha umeme, mgonjwa akaanza kusimulia bustani. Yumo humo na marafiki zake, ana miaka 20 hivi, mpenzi wake wa enzi hizo yupo, watu wanaongea ingawa maneno yao hayamfikii vizuri. Umeme ulipoongezwa, picha ilizidi kuwa bayana.

Kisa hicho kilifungua njia ya majaribio ya kutibu ugonjwa wa Alzheimer, kwa sababu waya ulikuwa umekaa jirani na forniksi, fungu la nyuzi za neva linalohusika na kumbukumbu. Kwa upande wa unene hakikuacha mengi.

Nimeanza nacho kwa sababu kinafichua dhana ambayo bado inatawala, kwa watafiti na kwetu sisi tunaosoma habari zao: kwamba unene una swichi mahali fulani kichwani, na kazi iliyobaki ni kuifikia kwa waya. Nusu karne ya majaribio kwa binadamu inasema vingine. Kila waya ulipotumwa kupunguza kilo, ulirudi na matokeo hafifu. Ulipotumwa kukabili mateso mahususi, yaani hali ya mtu kula huku akijiona kabisa kwamba ameshindwa kujizuia, ndipo dalili za kwanza za kutia moyo zilipoonekana. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tiba hii, yaani uchocheaji wa kina wa ubongo kwa umeme, isitangazwe kama tiba ya unene. Ipimwe kama tiba ya kushindwa kujizuia, kwa watu wachache sana, na kwa majaribio makali kuliko yaliyofanywa hadi sasa.

Uchocheaji wa kina wa ubongo wenyewe si jambo geni. Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak waliuanzisha kwa sura yake ya kisasa mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa ajili ya wagonjwa wanaotetemeka. Mgonjwa hufungwa fremu kichwani, picha za MRI huonyesha njia ya kupita, fuvu hutobolewa tundu dogo, kisha waya wenye unene wa milimita moja na ushei hushushwa hadi kwenye shabaha. Kutoka hapo waya mwingine hupita chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye kifaa chenye betri kilichofukiwa kifuani, chini ya mtulinga. Kifaa hutuma mapigo ya umeme, mara nyingi zaidi ya 100 kwa sekunde. Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa ugonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko, mwaka 2002, na leo watu zaidi ya laki moja duniani wamewekewa. Kuna wagonjwa waliokuwa hawawezi kushika kikombe bila kumwaga ambao sasa wanajilisha wenyewe. Faida yake kubwa kuliko upasuaji wa kukata au kuunguza ubongo ni kwamba umeme unaweza kuongezwa, kupunguzwa au kuzimwa.

Lakini wagonjwa hao wa Parkinson wametufundisha jambo ambalo halitajwi vya kutosha katika mjadala wa unene. Wengi wanaochochewa katika kiini cha subthalamasi, shabaha inayotumika sana kwa ugonjwa huo, hunenepa baada ya upasuaji. Sehemu ya maelezo ni rahisi: mwili uliokuwa ukitetemeka mchana kutwa ulikuwa ukiteketeza nishati nyingi, na sasa umetulia. Huenda umeme pia unagusa njia za ubongo zinazohusika na hamu ya kula. Kwa vyovyote vile, tayari tunajua kwamba waya ubongoni unaweza kubadilisha uzito wa mtu, na tunajua kwamba unaweza kuupeleka upande ambao hakuna aliyeukusudia.

Hamu ya kuifuata haipothalamasi ina historia ndefu. Mwaka 1940, Hetherington na Ranson walionyesha kwamba panya walioharibiwa sehemu ya chini na kati ya haipothalamasi hunenepa kupita kiasi. Mwaka 1951, Anand na Brobeck wakaonyesha kinyume chake: panya walioharibiwa sehemu ya pembeni huacha kula, hata wakafa njaa chakula kikiwa mbele yao. Kutokana na majaribio hayo likazaliwa wazo lililodumu vizazi: kituo cha njaa pembeni, kituo cha shibe katikati. Wazo hilo ni jepesi kukumbuka, linachoreka ubaoni, na nadhani ndiyo sababu limedumu kuliko lilivyostahili.

Mwaka 1974, timu ya Flemming Quaade nchini Denmark ililipeleka kwa binadamu. Waliingia na elektrodi katika haipothalamasi ya pembeni ya watu wachache wenye unene mkubwa, wakatafuta mahali ambapo umeme ungeamsha njaa, kisha wakaunguza mahali hapo. Ulaji ulipungua kwa muda mfupi, uzito ukashuka kidogo tu, na mambo yakarudi yalikotoka. Tukumbuke kwamba kilichounguzwa hakirudi. Watu wale walibaki na kovu la kudumu ubongoni kwa ajili ya nafuu iliyopita.

Kwa nini haikudumu? Kwa sababu njaa haina makao mamoja. Mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman katika Rockefeller University mjini New York iligundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili yenyewe ili kuujulisha ubongo akiba iliyopo. Tangu hapo picha imekuwa pana. Tumbo hutuma habari, utumbo hutuma habari, kongosho hutuma habari, na shina la ubongo huzipokea kabla hazijafika juu. Mtu akipungua uzito, leptini hushuka, njaa huongezeka, na mwili huanza kubana matumizi ya nishati. Mfumo huu umekusudiwa kutulinda na njaa ya kuua, kwa hiyo una njia nyingi za kujirekebisha, na ukizibwa njia moja hupita nyingine. Waya mmoja unaogusa eneo la milimita chache unapambana na mwili mzima.

Na bado waliendelea kujaribu pale pale. Mwaka 2013, Donald Whiting na wenzake nchini Marekani walitoa taarifa ya watu watatu ambao hata upasuaji wa tumbo haukuwasaidia. Waliwekewa waya pande zote mbili za haipothalamasi ya pembeni na kufuatiliwa kwa wastani wa miezi 35. Hakukuwa na madhara makubwa, na hilo ni jambo la kupongezwa. Timu ilifanya pia kazi ya kiufundi ya kuvutia: ilipima nishati ambayo mwili huteketeza ukiwa umepumzika, ikachagua sehemu za waya zilizoipandisha, na kwa mipangilio hiyo uzito ulielekea kushuka. Lakini ni watu watatu, na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2018 watafiti wa Brazili wakachapisha matokeo ya vijana wanne wenye ugonjwa wa Prader-Willi, ugonjwa wa kijeni unaomfanya mtu aishi na njaa isiyokatika. Shabaha ilikuwa ile ile. Uzito haukupungua.

Ningependa tuusome mfululizo huu kwa uaminifu. Madaktari hawa hawakuwa wazembe. Walikuwa na wagonjwa waliokata tamaa, na walijaribu kwa uangalifu. Kilichokuwa na kasoro ni swali lenyewe. Waliuliza waya unaweza kupunguza kilo ngapi, wakati kilo ni matokeo ya mwisho ya mambo mengi mno: jeni, homoni, dawa nyingine anazotumia mtu, usingizi, kazi, kipato, chakula kinachomzunguka. Utafiti wa Albert Stunkard uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu watoto wa kuasiliwa wa Denmark ulionyesha kwamba uzito wao wa utu uzima ulifanana na wa wazazi waliowazaa, na haukufanana na wa wazazi waliowalea. Atakayesoma matokeo hayo na bado akamwambia mtu mnene kwamba tatizo lake ni ulafi, anatumia hukumu badala ya maarifa. Vilevile, atakayedhani kwamba mchanganyiko mkubwa hivyo utarekebishwa na elektrodi moja anajidanganya.

Swali jingine lilianza kujibika kwa bahati, huko Amsterdam. Mwaka 2010, madaktari walieleza kisa cha mwanamke aliyewekewa waya katika nukleasi akumbensi kwa ajili ya ugonjwa mkali wa akili unaomlazimisha mtu kurudiarudia mawazo na matendo. Baada ya miezi kadhaa aliacha sigara bila taabu kubwa, na uzito wake uliokuwa mwingi ukapungua sana. Hakuna aliyekuwa amelenga sigara wala uzito. Nukleasi akumbensi ni sehemu ya ubongo inayoshughulika na zawadi na msukumo: inapima kitu kina thamani gani kwetu sasa hivi, na inatusogeza kukiendea. Dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, ina kazi kubwa hapo. Njaa ya kweli inatoka kwingine, lakini uchu, ule wa kutaka kula wakati tumbo limejaa, unapita hapo.

Casey Halpern, daktari mpasuaji wa ubongo aliyekuwa Stanford na baadaye University of Pennsylvania, aliifuata njia hiyo kwa subira. Mwaka 2013 timu yake ilionyesha kwamba kuchochea eneo hilo kwa panya kulipunguza kufakamia chakula cha mafuta, na kwamba vipokezi vya dopamini vilihusika. Mwaka 2017 wakaonyesha jambo la maana zaidi: muda mfupi kabla ya panya kukimbilia chakula hicho, mawimbi ya polepole ya umeme hupanda katika nukleasi akumbensi. Ishara ya namna hiyo waliiona pia kwa binadamu mmoja aliyekuwa na waya ubongoni. Uchu, kwa maneno mengine, unaacha alama inayoweza kusomwa kabla tendo halijafanyika.

Hapo ndipo ufundi ulipobadilika. Badala ya kifaa kinachotuma umeme saa 24, walitumia kifaa kinachosikiliza kwanza, kile ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka 2013 kwa ajili ya kifafa. Kinafukiwa kwenye mfupa wa fuvu, kinafuatilia mawimbi, na kikikuta alama iliyokusudiwa kinatuma mapigo mafupi kisha kinanyamaza. Mwaka 2022 walichapisha matokeo ya miezi sita ya wagonjwa wawili wenye unene mkubwa ambao upasuaji wa tumbo ulikuwa umeshindwa kuwasaidia na waliokuwa wakisumbuliwa na ulaji wa kushindwa kujizuia. Kwa wote wawili matukio hayo yalipungua. Mmoja hakuwa tena na vigezo vya ugonjwa wa kula kwa kufakamia. Uzito ulishuka pia, kilo chache kwa kila mmoja.

Gazeti linalotafuta kichwa cha habari litakimbilia kilo. Mimi naona kilo ndizo habari ndogo kuliko zote hapo. Kilo chache kwa mtu mwenye unene mkubwa hazibadilishi sana hatari ya kisukari au ya moyo, na kama hizo ndizo zilizotafutwa, kumtoboa mtu fuvu kwa ajili yake ni jambo gumu kulitetea. Habari kubwa ni kwamba mtu aliyekuwa akila kwa namna anayoichukia, mara nyingi kwa kificho, akijua anachokifanya na asiweze kuacha, alianza kuweza kuacha. Anayeishi na hali hiyo hasumbuliwi na mzani peke yake. Anasumbuliwa na kila siku inayoanza na ahadi na kuishia na aibu. Ugonjwa wa kula kwa kufakamia unatambuliwa rasmi kama ugonjwa wa akili, una vigezo vyake, na unawapata hata watu ambao si wanene. Wanene wengi hawana. Tukivichanganya viwili hivi tutawawekea waya wasiouhitaji, na tutawapima wanaouhitaji kwa kipimo kisichowahusu.

Hata hivyo wagonjwa wawili ni wawili. Historia ya vifaa vya umeme mwilini inatuonya kwa ukali kuhusu namba ndogo na matumaini makubwa. Mwaka 2005, Helen Mayberg, Lozano na wenzao walitangaza kwamba watu wanne kati ya sita wenye sonona isiyosikia dawa walipata nafuu kubwa baada ya kuwekewa waya ubongoni. Matarajio yakapanda. Kisha yakaja majaribio yenye ulinganisho, ambamo wagonjwa wote waliwekewa waya lakini baadhi umeme wao haukuwashwa, bila wenyewe kujua. Moja, lililotoka mwaka 2015, lilikuwa na watu 30. Jingine, la mwaka 2017, lilikuwa na watu 90. Katika yote mawili, waliowashiwa hawakuwazidi kwa maana yoyote ya kitakwimu wasiowashiwa. Baadhi ya wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka walipata nafuu ya kudumu, kwa hiyo utafiti haukufa, lakini tangazo la mapema lilikuwa limeshapita mbele ya ushahidi.

Kwa unene hatuhitaji hata kukisia. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya kifaa kilichozuia ishara za neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, karibu na tumbo lenyewe. Watu 239 walishiriki, wote wakafanyiwa upasuaji, wengine wakapewa kifaa kisichofanya kazi. Baada ya mwaka mmoja, wenye kifaa halisi walikuwa wamepunguza asilimia 24.4 ya uzito wao wa ziada. Wenye kifaa bandia walipunguza asilimia 15.9. Tafakari hilo. Kupasuliwa, kutunzwa, kupimwa kila mara na kutumaini vilitosha kushusha sehemu kubwa ya uzito ule, umeme ukiwa haupo kabisa. Jaribio lolote la waya ubongoni lisilokuwa na kipindi cha umeme uliozimwa bila mgonjwa kujua haliwezi kutuambia kinachotokana na waya na kinachotokana na uangalizi. Na kipindi hicho kiwe kirefu. Wiki mbili hazitoshi kwa jambo ambalo hupanda na kushuka kwa misimu katika maisha ya mtu.

Kuna jambo jingine lililobadilisha mizani tangu Toronto: dawa. Mwaka 2021 jaribio la semaglutaidi lililowahusisha watu 1,961 lilionyesha upungufu wa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito katika wiki 68, wakati waliopewa sindano bandia walipunguza asilimia 2.4. Mwaka uliofuata tirzepataidi, kwa dozi ya juu, ikafika karibu asilimia 21 katika wiki 72. Upasuaji wa tumbo, ambao umekuwepo kwa miongo, hupunguza zaidi kwa wengi na una ushahidi wa kuongeza maisha. Sioni namna ambayo daktari mwaminifu anaweza kumpendekezea mtu waya ubongoni kwa ajili ya kilo, wakati njia hizi zipo na yeye hajazijaribu.

Lakini dawa hazijamaliza hadithi, na hapa wanaoupuuza utafiti wa ubongo wanakosea. Mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutaidi, washiriki waliofuatiliwa walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Wapo wasiovumilia kichefuchefu chake, na wapo ambao hazifanyi kazi kwao. Mwaka 2025 timu ya Halpern ilieleza kisa cha mgonjwa aliyekuwa na waya katika nukleasi akumbensi huku akitumia tirzepataidi. Miezi ya mwanzo, mawimbi yanayoambatana na uchu yalinyamaza, na yeye mwenyewe akapumzika na mawazo ya chakula yaliyokuwa yakimwandama. Kisha, akiwa bado anatumia dawa, mawimbi yakarudi, na mawazo yakarudi nayo. Ni mtu mmoja, nisingependa mtu yeyote aache dawa yake kwa sababu hiyo. Ila thamani ya kisa hicho iko wazi: kwa mara ya kwanza tumesikia kutoka ndani ya ubongo wenyewe jinsi dawa inavyotuliza uchu, na jinsi utulivu huo unavyoweza kwisha. Hata kama waya hautawahi kuwa tiba ya wengi, unaweza kutufundisha kutengeneza dawa bora kwa hao wengi. Watu zaidi ya bilioni moja duniani wanaishi na unene uliopitiliza. Haiwezekani wala haifai kufikiria kuwatoboa fuvu.

Nigusie hatari bila kuzirefusha. Kuvuja damu ubongoni hutokea kwa wagonjwa wachache kati ya mia, na baadhi yao hubaki na kiharusi. Maambukizi hutokea mara nyingi kidogo zaidi na yanaweza kulazimisha kifaa kutolewa. Waya unaweza kukatika au kusogea. Betri za kawaida huisha ndani ya miaka michache na kila kubadilisha ni upasuaji mwingine. Unene mkubwa wenyewe huongeza hatari ya nusukaputi. Kwa nukleasi akumbensi kuna jambo la ziada: ni sehemu inayohusika na raha na msukumo wa mambo yote, si chakula peke yake, na kuichochea kumewahi kuwafanya baadhi ya wagonjwa wa maradhi mengine wachangamke kupita kiasi na kupoteza busara kwa muda. Anayetaka kupunguza uchu wa mtu lazima aulize pia amemwachia nini cha kufurahia.

Zaidi ya hatari za kitabibu kuna ile ya kutelekezwa, na hii inanisumbua kuliko zote. Kampuni ya Second Sight iliwawekea watu zaidi ya 350 jicho la kielektroniki duniani. Mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, ikaacha kuwahudumia, na vipofu walioanza kuona mwanga wakabaki na kifaa mwilini kisicho na fundi wala vipuri. Mtu aliyeshiriki jaribio la unene na akapata nafuu atakuwa na waya ubongoni kwa miaka 30 au 40. Ruzuku ya utafiti hudumu mitano. Nani atalipia betri ya mwaka wa 12? Nani atamrekebishia mipangilio daktari wake akistaafu? Gharama ya kuweka kifaa peke yake ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Kwa maoni yangu hakuna kamati ya maadili inayopaswa kupitisha jaribio la namna hii bila fedha za matunzo ya maisha kutengwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala mezani, pamoja na fedha za kumtolea kifaa iwapo ataamua hakitaki.

Na kuna kumbukumbu ya aibu ambayo taaluma hii haina haki ya kuisahau. António Egas Moniz wa Ureno alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949 kwa upasuaji wa kukata nyuzi za mbele ya ubongo ili kutibu wagonjwa wa akili. Nchini Marekani Walter Freeman akaufanya kuwa jambo la haraka haraka, kwa maelfu ya watu, wengi wao wakiwa hawana sauti juu ya kinachofanywa kwao. Wagonjwa wale walikuwa watu ambao jamii iliwachoka. Wanene nao ni watu ambao jamii imewachoka: wanadhihakiwa, wananyimwa kazi, na wengine hospitalini huambiwa kila ugonjwa wao unatokana na mwili wao. Mtu aliyedhalilishwa miaka 30 anaweza kukubali chochote. Ridhaa yake inahitaji muda, mshauri asiye sehemu ya timu ya utafiti, na uhakika kwamba akikataa hatapoteza matibabu yake mengine.

Ndiyo maana kundi la Prader-Willi linanipa shida kuliko kundi lolote. Hawa ndio wenye hoja yenye nguvu kuliko wote. Njaa yao haikatiki, familia hulazimika kufunga chakula kwa kufuli, na wapo waliokufa kwa kula hadi tumbo likapasuka. Lakini wengi wao wana ulemavu wa akili, na ridhaa hutolewa na mzazi aliyechoka na anayewapenda. Jaribio la Brazili limeonyesha kwamba haipothalamasi ya pembeni haikupunguza uzito wao. Kama kutakuwa na jaribio jingine kwao, ningetaka kuona kwanza kama alama ya uchu inayosomeka kwa wengine inasomeka kwao pia, maana njaa yao huenda inatoka njia tofauti kabisa. Ningetaka kipimo kikuu kiwe saa ngapi kwa siku wanapumzika na mawazo ya chakula, na kama wanaweza kukaa chumba kimoja na chakula bila hofu wala ugomvi. Na ningetaka kijana mwenyewe aulizwe kwa lugha anayoielewa, zaidi ya mara moja, kabla na baada ya umeme kuwashwa, kama anataka uendelee, na jibu lake la hapana lihesabiwe hata pale mzazi na daktari wanaposema ndiyo.